Mnara wa Pembe: Nyumba Kubwa ya Makerere, Kuungua Kwake na Kuinuka Kwake



Kila mara tunaposali Litania ya Bikira Maria, tunamwita Mama yetu Mnara wa Daudi, kisha Mnara wa pembe. Mmoja anaongoza, wengine wanaitika, na majina yanapita upesi. Ni wachache wanaosimama kidogo na kujiuliza: mnara wa pembe ni kitu gani? Jina hili limetoka katika Wimbo Bora, ambamo shingo ya bibi arusi inalinganishwa na mnara wa pembe za tembo. Ni sifa ya kitu kinachosimama wima, cheupe, cha bei kubwa, kisicho na doa.

Lakini jina hilo lina maana nyingine tena, nayo si sifa. Katika mwaka 1837 mwandishi mmoja wa Ufaransa, Sainte-Beuve, alilitumia akisema habari za mshairi Vigny aliyejitenga na fujo ya dunia. Tangu pale, watu wa Ulaya wanaposema kwamba mwalimu fulani anakaa katika mnara wa pembe, wanataka kusema: amejifungia na vitabu vyake, hasikii tena kilio cha watu.

Leo tunataka kuwaelezea nyumba moja iliyopewa jina hilo, nayo imelibeba kwa maana zote mbili. Ni nyumba kubwa ya Universite ya Makerere katika mji wa Kampala, inchi ya Uganda, jirani zetu wa mashariki. Nyumba hiyo iliungua mwaka 2020, ikafunguliwa tena mwaka 2024. Sisi wa Kibua, katika inchi ya Masisi na Walikale, hatuna universite. Lakini nyumba zilizoungua tunazijua, na swali la kujenga tena tunalijua vilevile. Kwa hiyo habari ya Makerere inatugusa.

1. Kilima, na shule ya mafundi

Kampala ni mji wa vilima. Juu ya Rubaga linasimama kanisa kuu la Wakatoliki, lililojengwa na Mapadri Weupe, wale waliofika Buganda mwaka 1879. Juu ya Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana. Juu ya Kibuli kuna msikiti. Na juu ya kilima cha Makerere kuna universite. Mgeni akitazama mji kutoka mbali, anaona kila kilima kinasema neno lake.

Universite hiyo haikuanza kama universite. Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilifungua pale shule ndogo ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 tu, vijana wanaume wote. Walifundishwa useremala, ujenzi wa nyumba na kazi ya mashine. Tulishike neno hili vizuri: waliotangulia juu ya kilima kile walikuwa wajenzi. Kalamu na vitabu vikubwa vilikuja nyuma ya randa na mwiko.

Kidogo kidogo masomo yakaongezeka: uganga, ukulima, ualimu. Mwaka 1937 Makerere ikaanza kuwa chuo cha masomo makubwa kwa inchi zote za Afrika ya Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1949 ikaunganishwa na Universite ya London, hata wanafunzi wake wakaweza kupata diploma za London wakikaa Kampala. Mwaka 1963 ikawa kiungo kimoja cha Universite ya Afrika ya Mashariki, pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Tarehe 1 ya mwezi wa 7, mwaka 1970, ikawa universite ya taifa la Uganda.

Hata neno lake la kujiongoza lilibadilika. Kwanza walisema: Tuwe wanaume. Lakini mwaka 1945 wasichana sita wakaingia, na neno lile likawa dogo kama kanzu ya mtoto aliyekua. Wakachagua lingine: Tunajenga kwa ajili ya siku zitakazokuja. Ndilo neno la wale mafundi 14 lililorudi kwa maana mpya.

Tufananishe kidogo na kwetu. Wakati ule katika Kongo ya Wabelgiji hapakuwa na universite hata moja. Kwa mwana wa Kongo aliyetaka masomo marefu, mlango mkubwa uliokuwa wazi ulikuwa ule wa seminari kubwa. Ndiyo njia aliyopita Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, aliyepewa upadri mwaka 1917. Universite ya Lovanium karibu na Léopoldville ilifunguliwa mwaka 1954, na ile ya Élisabethville mwaka 1956. Universite za Kikatoliki za upande wetu, Bukavu na Butembo, zilianza mwaka 1989. Basi mseminari asidhani kwamba habari ya universite ni habari ya watu wengine. Nyumba yake ni ndugu mkubwa wa nyumba zile.

2. Umbo la nyumba

Chuo kilipokua, kilihitaji nyumba ya kukionyesha. Nyumba hiyo kubwa ilimalizika mwaka 1941, wakati Ulaya ilikuwa katika vita.

Waliochora walifuata mtindo uliopendwa Uingereza katika karne ya 18, ambao nao uliiga Roma na Ugiriki za zamani. Sheria yake kubwa ni usawa. Katikati pana mlango mkuu, na juu yake mnara wenye saa. Kuume na kushoto pana mabawa mawili yanayolingana, madirisha yamepangwa kwa mistari kama waseminari wakiingia kanisani wawili wawili. Kuta ni za rangi nyeupe-nyeupe, paa ni la vigae vyekundu. Mbele pana uwanja mpana wa majani. Ndani mna ukumbi mkubwa wa mikutano, pamoja na biro za wakubwa.

Mtu akiuliza: juu ya nini kuleta Afrika mtindo wa Ulaya? Tutamjibu mambo mawili. La kwanza, kweli, lilikuwa neno la utawala: mtawala alitaka watu watazame juu ya kilima waone ukubwa wake. Hatuna sababu ya kulificha. La pili ni neno la fundi. Nguzo, matao na veranda vinafaa sana katika inchi zetu za jua kali na mvua ya upepo. Veranda inaweka kivuli juu ya ukuta, ukuta usipashwe moto mchana kutwa. Mvua inapiga nje, mtu anatembea ndani ya kivuli bila kulowana. Ukuta mnene unakawia kupata joto, kwa hiyo chumba kinabaki baridi. Wajenzi wa misioni zetu za zamani walijua mambo yaleyale: ukiwa na misioni yenye matofali mazito na baraza ndefu, tazama utaona.

Na mnara wenye saa? Mnara hauongezi hata chumba kimoja cha kufundishia. Kazi yake ni kuonekana na kuhesabu wakati wa wote. Katika misioni kazi hiyo inafanywa na kengele. Kengele inasikiwa na aliye shambani, saa ya mnara inaonekana na aliye njiani. Zote mbili zinasema: saa hii si ya mtu mmoja, ni yetu sote.

3. Watu waliopita mlangoni

Nyumba inapata heshima kwa watu wake. Nyumba hii ilipokuwa na miaka miwili tu, mwaka 1943, aliingia Makerere kijana mmoja wa Tanganyika, Julius Nyerere. Mwaka uo huo alibatizwa katika Kanisa Katoliki. Alisoma ualimu mpaka mwaka 1945, akarudi kufundisha Tabora katika shule ya Mapadri Weupe. Baadaye akawa rais wa kwanza wa inchi yake, na watu wanamwita Mwalimu mpaka leo. Hawakumwita Rais kwanza, walimwita Mwalimu: ndiyo alama ya kile alichochukua katika masomo yake. Alifariki mwaka 1999. Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake kwa nia ya kumwombea siku moja atajwe mtakatifu, naye anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Wengine walipita pale wakawa marais wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania: Mwai Kibaki, Milton Obote, Benjamin Mkapa. Waganga na waalimu, hatuwezi kuwahesabu.

Lakini sherti tuseme na upande wa kivuli. Katika mwezi wa 6, mwaka 1962, waandishi wa Afrika walikutanika Makerere kwa mkutano mkubwa. Walioitwa ni wale walioandika kwa Kiingereza. Mwezi ule ule alifariki Shaaban Robert, mwandishi mkubwa wa Kiswahili, aliyeandika mashairi na vitabu vingi. Juu ya lugha yake, hapakuwa na kiti chake katika mkutano ule. Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa pale kijana na mwanafunzi, alikuja kuliandika jambo hilo baadaye kwa uchungu. Hapa ndipo jina la mnara wa pembe linapata maana yake mbaya. Nyumba ya elimu iliyokaa katikati ya watu, na isiyosikia lugha ya watu wake, imejifungia.

Tena kuna siku ambapo mnara haukuweza kumkinga mtu. Wakati wa Idi Amin, mwaka 1972, mkubwa wa universite, Frank Kalimuzo, alikamatwa na askari, wala hakurudi. Mwaka 1976 askari waliingia juu ya kilima wakapiga wanafunzi. Kuta nene, nguzo nzuri, saa juu ya mnara: hivi vyote havikuzuia. Ukuta unazuia mvua. Uovu wa watu, hauuzuii.

4. Usiku wa moto

Tarehe 20 ya mwezi wa 9, mwaka 2020, usiku wa kuamkia Dominika, moto ulishika nyumba kubwa. Wakati ule shule zilikuwa zimefungwa juu ya ugonjwa wa korona. Watu wa Kampala waliamka wakaona paa linawaka juu ya kilima. Vigae vikaanguka, ukumbi na biro za juu zikaharibika, na biro za fedha pamoja na makaratasi yake zikawa majivu. Kulipokucha zilibaki kuta zenye weusi wa moshi, na madirisha matupu ambayo mbingu ilionekana ndani yake.

Fundi anaelewa namna paa kama lile linavyoungua upesi. Vigae haviwaki. Lakini chini ya vigae kuna mbao, nazo zilikuwa zimekauka kwa miaka karibu 80. Kati ya dari na vigae kuna nafasi tupu, inayokwenda kutoka upande mmoja wa nyumba hata mwingine. Nafasi hiyo ni kama bomba la moshi lililolazwa: cheche ikiingia, upepo unaisukuma mbali kabla ya mtu kuiona chini.

Mwaka mmoja mbele yake, tarehe 15 ya mwezi wa 4, mwaka 2019, Wakatoliki wa dunia yote waliona jambo lile lile Paris. Paa la kanisa kuu la Notre-Dame, lenye miti ya mialoni ya zamani za kati, liliungua siku moja. Majumba haya mawili hayafanani kwa umri wala kwa kazi. Ila yalipatwa na ajali moja, na yote mawili yakafunguliwa tena katika mwaka mmoja, 2024: Makerere katika mwezi wa 10, Notre-Dame katika mwezi wa 12.

5. Je, ni nyumba ile ile?

Kujenga tena Makerere hakukuwa kazi ya kuweka paa tu. Moto unadhoofisha ukuta: tofali linapasuka, chokaa inakuwa unga, na maji ya kuzimia moto yanaingia ndani. Sehemu kubwa ya kile kilichobaki ilibomolewa, na watu wengi waliosoma pale walihuzunika mara ya pili walipoona mashine zinaangusha kuta. Kisha mafundi wakajenga upya kwa sima na chuma cha siku hizi, lakini kwa sura ile ya zamani: mnara pale pale, saa, nguzo, mabawa mawili, paa jekundu. Mwaka 2022, universite ilipofanya sikukuu ya miaka yake 100, nyumba yake kubwa ilikuwa bado mikononi mwa waashi.

Basi, mtu aliyesoma pale zamani akisimama leo uwanjani, anaona nini? Macho yanasema: ni nyumba yangu. Akili inasema: hakuna tofali niliyoigusa. Nani anasema kweli?

Waseminari wanaosoma filosofia watakumbuka mafundisho juu ya umbo na kitu. Tofali na mbao ni kitu. Umbo ni lile linalofanya vitu hivyo viwe nyumba hii wala si nyingine. Miili yetu nayo inabadilisha kitu chake siku kwa siku, na hata hivyo mzee wa leo ndiye mtoto aliyebatizwa zamani. Lakini tusiende upesi mno. Mwili una roho inayoushika kuwa mmoja. Nyumba haina roho. Nini basi kinaishika?

Tunajibu: kumbukumbu ya watu na kazi yao. Neno lenyewe la Kilatini, universitas, katika zamani za kati halikuwa jina la nyumba. Lilikuwa jina la umoja wa waalimu na wanafunzi. Universite ya Paris mwanzoni haikuwa na nyumba yake yenyewe. Waalimu walikodi vyumba, wakafanya mikutano yao makanisani. Kwa hiyo usiku ule wa 2020 iliungua nyumba, universite haikuungua. Wakubwa walihamia biro nyingine, na kazi ikaendelea.

Tena iliwezekana kurudisha umbo kwa sababu umbo lilijulikana. Picha zilikuwako, vipimo vilipatikana, na mawe ya kumbukumbu yalikuwa ndani ya vichwa vya watu. Na makaratasi? Wakubwa wa Makerere walitangaza baada ya moto kwamba habari za masomo ya wanafunzi zilikuwa na nakala mahali pengine. Fikiri, msomaji, kama isingekuwa hivyo. Mganga aliyesoma miaka mitano angethibitisha namna gani kwamba yeye ni mganga? Ukuta unajengwa tena kwa fedha. Karatasi iliyoungua bila nakala, hakuna fedha inayoiandika upya.

Kitabu cha Ezra kinatueleza siku ambapo Wayahudi waliorudi kutoka utumwani waliweka msingi wa hekalu la pili. Vijana walipiga kelele za furaha. Mapadri na wazee walioona hekalu la kwanza walilia. Kilio na furaha vikachanganyika, hata watu hawakuweza kuvitenganisha. Tunadhani ndivyo ilivyokuwa Makerere pia. Hatuwahukumu wazee waliolia. Bila wao, vijana wasingejua wajenge nini.

6. Neno kwetu

Katika inchi yetu, tangu mwaka 1993, vita ilipoanza katika soko la Ntoto, nyumba nyingi zimechomwa: nyumba za watu, shule, makanisa ya matawi. Watu wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena. Kila mara wanaporudi, kitu cha kwanza wanachofanya kwa mikono yao ni kukata miti na majani ili wawe na fasi ya kusali. Tumeona katekista anapima kanisa kwa hatua za miguu yake, akisema: altare ilikuwa hapa, mlango ulikuwa pale. Yeye ndiye mchoro wa nyumba. Katekista huyo akifa bila kumwonyesha kijana, umbo limekufa pamoja naye.

Basi tunawashauri mambo matatu, ndugu mapadri, waseminari na makatekista.

La kwanza: pimeni na kuandika. Urefu wa kanisa, upana wake, mwaka lilipojengwa, mafundi waliojenga, udongo wa matofali ulitoka wapi. Kurasa mbili za daftari zatosha. Mwenye simu apige picha, atume kwa mwingine.

La pili: angalieni vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliamuru paroko apeleke kila mwisho wa mwaka nakala ya vitabu hivyo kwa Askofu. Sheria ya mwaka 1983 inaamuru kila parokia iwe na vitabu vyake na fasi ya kuvilinda, na Askofu au mjumbe wake avikague. Desturi ile ya zamani ya nakala ilikuwa na akili nyingi, nasi tunaipenda irudi kwa nguvu. Kijana anayetaka kuoa, au mseminari anayekaribia daraja, asiambiwe: kitabu chako kiliungua, hatujui kama umebatizwa. Nakala moja ikae misioni, nyingine ikae mbali, wala zisikae chini ya paa moja.

La tatu ni la moyo. Tusiwe mnara wa pembe kwa maana ile mbaya. Mwenye masomo mengi anayerudi kijijini na kusema maneno ambayo mama yake hayasikii, amejenga ukuta bila mlango. Bikira Maria anaitwa Mnara wa pembe, lakini alipopata habari kubwa kupita zote hakujifungia Nazareti. Alisimama, akaenda kwa haraka milimani kumtumikia Elizabeti. Hiyo ndiyo elimu tunayoiombea seminari zetu.

Saa ya Makerere inaonekana tena juu ya kilima chake. Tuwapongeze jirani zetu. Nasi, jioni hii, mwenye funguo za sanduku la parokia alifungue, atazame kitabu cha ubatizo, ajiulize: nakala yake iko wapi?